Ming'oko Siku ya Dua ya Baba

Baba aliuawa kijijini kwetu Msumbiji, pamoja na majirani wengi. Kijana aliyewaonyesha wauaji mlango wetu nilimjua. Nilikuwa nimecheza naye tangu utoto.

Mimi na mama tulivuka Ruvuma tukaja kwa mjomba, hapa Likombe. Mama wa yule kijana naye alikimbia. Amepanga chumba karibu na kwetu. Akifika bombani, watu husogeza ndoo zao.

Mjomba kila mara aliniambia, "Samehe wote, mwanangu, upate kupona." Mimi si msemaji. Ila niliona kwamba watu wanataka tuseme tumesamehe ili wao wapumzike.

Mwaka huu tulimsomea baba dua. Mama wa yule kijana akaja na sufuria ya ming'oko, ile mizizi ya porini, aliyochimba mwenyewe. Baba aliipenda sana, na yeye alijua. Akaiweka mkekani, akakaa peke yake kando ya ua. Wanawake wakaendelea na pilau.

"Hiyo wapewe mbuzi," shangazi akasema kwa sauti.

Nikainuka.

"Bubu kasimama," mtani wetu mmoja akacheka. "Leo mvua itanyesha."

Nilichukua ile sufuria, nikaenda kukaa karibu na yule mama. Nikamenya mng'oko mmoja kwa vidole, nikala. Ulikuwa wa moto bado, na haukuwa na chumvi. Nikamenya mwingine, nikampa. Aliupokea kwa mikono miwili lakini hakuula. Uani kote watu waliacha kutafuna.

Mjomba akatabasamu. "Alhamdulillahi. Binti yetu amesamehe."

"Hapana, mjomba," nilisema. Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Huyu sina cha kumsamehe, hakuua mtu. Mwanawe sijamsamehe. Siku nikimsamehe nitasema mwenyewe. Msinisemee."

"Mbele ya wageni, jamani," shangazi akanong'ona.

"Ndiyo, shangazi. Mbele yao."

Yule mama aliinamisha kichwa. "Hata mimi sijamsamehe," akasema taratibu.

Mama yangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni, anatutazama. Akaingia ndani. Nilidhani nimemuudhi, lakini sikuinuka. Alipotoka alikuwa ameshika kibakuli cha chumvi. Akakiweka katikati yetu, akakaa, akaanza kumenya.