Visawe vya Neno Nililolimeza

Kila asubuhi, kabla ya hesabu, mwalimu alichomoa neno moja la Kiingereza kwenye kamusi yake isiyo na jalada. Aliyetajwa alisimama, akaeleza maana yake kwa Kiingereza hichohicho, akataja visawe viwili, kisha akatunga sentensi inayomhusu mtu wa nyumbani kwao. Hilo la mwisho mwalimu hakulisamehe. Neno lisilo na ndugu, alisema, halikai kichwani. Basi mama yangu, ambaye hakujua Kiingereza hata cha salamu, akawa jasiri, akawa mkarimu, akawa mvumilivu, na nyuma ya kila sifa zikafuata nyingine zenye maana ileile. Wenzangu walinitania kwamba mama yangu ataimaliza kamusi. Nilijivuna, sikatai.

Mama mwenyewe alipenda. Jioni, makande yakitokota, aliniuliza, "Haya, leo nimekuwaje?" Nikamtajia kwa Kiingereza, kisha kwa Kipare, naye akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya khanga.

Mwaka wangu wa mwisho pale shuleni akaanza kukohoa. Alikonda vibaya. Siku ya msaragambo, kijiji kizima kilipoitwa kwenda kuzibua ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba yetu, yeye aliachwa nyumbani, na kwa mwanamke wa umri wake hiyo ilikuwa aibu iliyomuuma kuliko kifua. Shangazi, dada yake baba, akahamia kwetu kumuuguza, na akaja na amri zake. Nyumba yenye mgonjwa haitajwi kifo ndani yake, wala kaburi, wala kilio.

"Kinywa huumba," alisema. "Atakayeniletea uchuro hapa, nitamtoa nje."

Hata kuku akifa tulisema amelala. Niliamini kabisa. Mwalimu, pamoja na ulokole wake wote, naye alianza kuniruka neno la namna hiyo lilipotokea, akampa mwingine.

Usaili wa shule ya bweni ya wasichana ulifanyika huko chini, Same. Nafasi zilikuwa chache mno, na msichana aliyekosa alirudi kushika jembe na kungoja mchumba. Asubuhi ya kuondoka mama alinishika mkono akasema, "Usirudi bila hiyo shule." Nikashuka mlima na mwalimu mpaka kwenye joto na vumbi la mjini.

Mama wa Kizungu aliyenisaili alikuwa mpole, na ndiyo maana ninamkasirikia mpaka leo. Angekuwa mkali ningejua pa kuitupa hasira yangu. Mwalimu alikuwa amemweleza mtindo wetu, naye akaufuata: neno, maana, visawe, sentensi ya mtu wa nyumbani. Nilijibu, akatabasamu, nikajibu tena. Kisha akasema, "Mourn."

Kuomboleza. Kumlilia aliyekufa. Nililijua neno hilo, nilijua na visawe vyake, grieve na lament, vilikuwa tayari kwenye ncha ya ulimi. Lakini baada ya visawe ilikuwa inakuja sentensi, na nyumbani kwetu mtu wa sentensi zangu alikuwa mmoja tu. Nikafunga mdomo. Alilirudia neno polepole, akidhani sijalisikia. Nikatazama sakafu. Akaniuliza mengine, mepesi, ya kunisaidia, na hayo nayo hayakutoka. Mwishowe akatikisa kichwa kwa huruma na kumwita msichana mwingine.

Mwalimu alielezwa palepale kwamba sikufaulu. Tulipanda mlima, yeye akitangulia.

Nilimkuta mama amelala, shangazi kando yake akimkanda miguu. Nikawaeleza kila kitu, na neno lenyewe nikaligusa kwa mbali tu. Wala sikuona haya. Nilitegemea kushukuriwa.

"Umefanya vyema," shangazi alisema.

Mama alijiinua kwa kiwiko, kikohozi kikamkata, akangoja kitulie. Alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona usoni pake.

"Mwanangu, mimi ninakufa kwa Kipare," alisema. "Hicho Kiingereza ungekisema tu."