Mara Kumi na Moja Anaingia

Dada yangu aliigiza miaka kumi na miwili bila kuingia jukwaani hata siku moja. Jukwaa letu lina ngazi sita, naye hutumia kiti cha magurudumu, kwa hiyo wanaume wanne tulimpandisha kabla watazamaji hawajafika. Pazia likifunguliwa, yupo tayari: mgonjwa, ombaomba, bibi kizee asiyesikia. Mimi, seremala wa ukumbi, nilikuwa mmoja wa wabebaji, na nilijiona mtu mwema kweli kweli.

Mwaka jana akaandika mchezo wake mwenyewe. Mhusika mkuu ni hakimu, na dada ndiye hakimu. Mwongozaji alihesabu humo mara kumi na moja pameandikwa "Hakimu anaingia", akashika kichwa.

"Mwambie mwandishi apunguze."

"Nimeshamwuliza," dada akajibu. "Amekataa katakata."

Ikabidi nijenge njia ya mteremko pembeni mwa jukwaa. Alinirudisha kazini mara tatu. "Kaka, hii imesimama mno. Hakimu haingii akihema." Nilinuna, lakini nikarefusha.

Siku ya kwanza ukumbi ulijaa pomoni. Pazia lilipofunguliwa, jukwaani palikuwa na waigizaji wengine tu. Kisha nikasikia magurudumu yakinguruma juu ya mbao zangu. Mwigizaji wa karani akawaamuru wenzake, "Simameni, hakimu anaingia."

Ukumbi mzima ukasimama.

Dada akasogea hadi katikati, akatutazama safu kwa safu bila haraka yoyote, ndipo akasema, "Kaeni."