Kompresa ya Mtaalamu wa Visima

Jua la Oktoba lilikuwa linaichoma Singida nzima siku gari la mtaalamu wa visima, mzungu, lilipoletwa karakanani kwetu. Kiyoyozi chake kilikuwa kinapuliza hewa ya moto. Mimi sikuwahi kugusa kiyoyozi maishani, lakini ndimi fundi pekee niliyesomea Dar es Salaam, na mdomo wangu haukujua kusema “sijui”. Nikainama, nikagongagonga kwa spana, nikatangaza: “Kompresa imekufa.” Nikaifungua hiyo pampu inayosukuma gesi ya kupoza. Gesi ikatoka yote, vumbi likaingia.

Dereva, mzee wa Kinyangiri, akachungulia kwenye injini. “Fundi, na mkanda wa kuizungusha uko wapi?”

Mjinga mimi! Mkanda niliufungua mwenyewe wakati wa baridi, gari lilipokuja kubadilishwa oili, nikaufunga kwenye trekta la kijiji cha ujamaa kule Ilongero, lililokuwa limekwama na mavuno. Nilijisifu wiki nzima kwamba nimeinyang'anya anasa nikawapa wakulima.

Kabla sijaifungua, kompresa ilikuwa nzima kabisa. Asubuhi, niliposema imekufa, nilikuwa mwongo. Kufikia saa saba mchana nilikuwa msema kweli.