Kalamu Mbili za Mkufunzi wa Buswelu

Simu ya mpwa wangu ilinikuta kwa fundi viatu pale Igogo, mguu mmoja una kiatu, mwingine umekanyaga kipande cha boksi. "Mjomba, mwalimu ametutoka asubuhi hii," akasema. Fundi akaendelea kugonga misumari yake kama kawaida. Mwalimu mwenyewe hamkumfahamu, wasomaji wangu, maana hakuwa mtu wa kuandikwa magazetini. Alikuwa muuguzi mstaafu wa serikali, mtu wa Kagera aliyekuja Mwanza akiwa kijana na kuzeekea hapa hapa, na miaka yake ya mwisho alifundisha katika chuo kimoja cha uuguzi cha mtu binafsi kule Buswelu. Jina la chuo sitalitaja, na lake pia sitalitaja, kwa sababu angenigombeza. Nataka tu kuwaeleza jinsi mtu huyu alivyofanya kazi mahali alipojua wazi kwamba mambo hayaendi sawa, na kwa nini kifo chake kimeniuma kuliko vifo vya watu niliowafahamu zaidi.

Nilikutana naye kwa shughuli ambayo leo naionea aibu. Mwenye chuo alikuwa mfanyabiashara wa mabondo, vile vibofu vya samaki sangara, akajenga gesti, gesti ikakosa wateja, akaigeuza chuo. Alitaka tangazo la redio, na mtu mmoja akamwambia kwamba mimi ni fundi wa maneno. Nikaenda. Milango ya madarasa ilikuwa bado na namba za vyumba, na juu ya mlango mmoja, chini ya rangi mpya, ukikaza macho ulisoma "bafu na choo ndani". Mwenye chuo alikuwa na wageni siku hiyo, akamwambia mkufunzi mmoja mzee anitembeze. Tulipofika chumba namba saba, palipoandikwa Maabara ya Mafunzo ya Vitendo, mlango ulikuwa umefungwa. Nikamwomba afungue nione vifaa. Mzee akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mwandishi, andika ulichokiona." Nikacheka. Nilidhani ni mzee anayeona uvivu kufuata ufunguo. Nikarudi nyumbani nikaandika "vifaa vya kisasa, wakufunzi waliobobea, mazoezi ya kutosha hospitalini", na maneno hayo yakasomwa redioni asubuhi na jioni. Dada yangu kule Kisesa akayasikia, akanipigia simu kwa furaha kwamba sasa binti yake amepata pa kwenda. Siku ya kuripoti nilimpeleka mwenyewe, na sanduku lake nililibeba mimi.

Kilichokuwamo chumba namba saba nilikijua baadaye, tulipozoeana na mzee na kuwa na mazoea ya kunywa chai pamoja kila Jumamosi. Kulikuwa na vitanda viwili vya gesti na magodoro yake. Basi. Siku wakaguzi walipotarajiwa, mwenye chuo alimtuma mzee Igogo, kwenye chuo cha rafiki yake, akaazime mwanasesere wa mazoezi, yule mkubwa wa ukubwa wa mtu mzima ambaye wanafunzi humtumia kujifunza kumgeuza mgonjwa, kumwosha na kumfunga bandeji. Gari halikupatikana, wakapanda bodaboda: dereva mbele, mwanasesere katikati amevishwa kitenge na kufungwa kilemba asishangaze watu, mzee nyuma amemkumbatia. Mbele kidogo trafiki akawapiga mkono kwa kosa la mishikaki, yaani kupakia abiria wawili. "Na huyu mama wa katikati mbona hana kofia?" akauliza. "Afande, huyu si mtu," dereva akajibu. "Weee! Si mtu ni nani?" Watu wakaanza kukusanyika, mama mmoja akashika kichwa akasema jamani wamebeba maiti, mpaka mzee akafungua kilemba mbele ya kadamnasi kuonyesha kichwa cha plastiki. Alipokuwa akinisimulia alicheka hadi chai ikamwagika. Kisha akaacha kucheka ghafla. "Ukaguzi tukapita," akasema. "Jioni ile ile nikamrudisha Igogo. Sasa niambie, mimi nafundisha uuguzi au naigiza?"

Siku hiyo ndipo aliponionyesha kalamu. Kwenye mfuko wa shati alikuwa na mbili daima, ya buluu na nyeusi, na mimi nilidhani ni tabia tu ya watumishi wa zamani. Kumbe sivyo. Kila mwanafunzi wa uuguzi ana kitabu chake cha vitendo: kuweka kanula, kile kibomba cha dripu kinachoingizwa mshipani, kufunga kidonda, kupima presha, na mengine mengi, na kila kitendo kinataka saini ya mkufunzi aliyekushuhudia ukikifanya. Lakini hospitalini kitanda kimoja kilikuwa kinazungukwa na sare za vyuo vinne, wa nyuma anaona mgongo wa mwenzake tu, na mitihani ikikaribia mwenye chuo alikuwa akiingia ofisini na rundo la vitabu na kusema vyote viwe vimesainiwa kabla ya Ijumaa, wazazi wameshalipa. Mzee alisaini. Lakini kile alichokishuhudia alikisaini kwa buluu, na kile alichoamriwa akakisaini kwa nyeusi. Hakuna aliyejua, si mwenye chuo, si wanafunzi. "Buluu ni macho yangu," akaniambia. "Nyeusi ni mshahara wangu."

Nilimshambulia siku ile, siwafichi. Nilimwambia hizo rangi zake zinamsaidia nani, mgonjwa atazisomea wapi? Kama kazi ni ya uongo, si aiache? Akakoroga chai yake. "Nikitoka leo," akasema, "kesho ataletwa mtu mwenye kalamu moja." Nimeligeuzageuza jibu hilo miaka yote na sijalimaliza. Nusu yake ni kisingizio. Kila mtu anayekula mahali pasipo sawa husema asipokuwepo yeye itakuwa vibaya zaidi. Nusu nyingine ni kweli tupu, kwa sababu niliona kwa macho yangu wanafunzi aliowachukua Jumapili baada ya ibada, watatu watatu, akawapeleka kwa wauguzi aliofanya nao kazi zamani ili angalau washike kitu. Na tusimtwishe mwenye chuo peke yake. Vijana wanaomaliza kidato cha nne ni wengi, nafasi za serikali hazitoshi, na mzazi wa Kisesa akiuza dume lake la ng'ombe ili binti avae sare nyeupe, hataki kusikia habari za chumba namba saba. Anataka picha ya mahafali ukutani. Mwenye chuo anauza kile tunachokililia, na watu kama mimi tunamsaidia kukipamba. Wale vijana wenyewe si wajinga wala si wavivu, na wengi wamejifunza baadaye kazini, kwa jasho na kwa hofu. Swali ni kwamba wamejifunzia kwenye mwili wa nani.

Mwaka huu mzee alilazwa kwa sukari. Mchana mmoja nilimpelekea uji, na muuguzi aliyeingia na sinia la dripu alikuwa mpwa wangu, ambaye amekuwa akijitolea katika wodi hiyo akisubiri ajira. "Shikamoo mwalimu. Shikamoo mjomba." Tukaitikia marahaba. Mzee akamwangalia, akamwambia akae kwanza.

"Binti, uliwahi kuweka kanula mbele yangu?"

Mpwa wangu akaangalia sinia. "Hapana, mwalimu."

"Mbele ya mtu mwingine?"

"Nilikuwa naangalia wenzangu. Nilikuwa nasimama nyuma."

"Na hapa wodini unafanyaje?"

"Nasema mshipa umekataa, namwita dada wa zamu."

Jamani, huyu ndiye mtoto niliyembebea sanduku. Nikasema haraka haraka, basi mama, mwite huyo dada aje aweke yeye, mzee anaumwa. Mzee akanigeukia kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake. "Wewe mwandishi kaa na uji wako. Dada aitwe, aje asimame hapa aangalie. Lakini mikono itakuwa ya huyu. Mkono wangu ndio huu." Dada wa zamu akaja, akaelezwa, akakunja mikono akasimama pembeni. Mara ya kwanza sindano ikapita pembeni, mkono ukavimba. Ya pili vilevile. Mpwa wangu akaanza kulia, nami nilitaka kutoka nje. "Utalia ukimaliza," mzee akamwambia, taratibu kabisa. "Usiutafute kwa macho, mishipa ya wazee inadanganya macho. Weka kidole. Bonyeza, achia. Umeusikia? Sasa usikimbie." Mara ya tatu damu ikarudi kwenye kanula, dada wa zamu akasema haya, hapo hapo, funga plasta, na dripu ikaanza kushuka. Mzee alikuwa amefumba macho na jasho linamtoka. Akasema kesho aje na kitabu chake cha vitendo.

Kesho yake alikuja nacho, kimefungwa kwenye kitambaa kama Biblia. Mzee akafungua ukurasa wa kanula, akanipa kitabu nikishike, akachomoa kalamu ya buluu chini ya mto akasaini juu ya saini yake nyeusi. Ndipo alipomweleza habari ya rangi. Mpwa wangu akakaa kitandani, kitu ambacho muuguzi haruhusiwi, akafunua kurasa zake moja moja. Nilidhani angemlaumu, na angekuwa na haki. "Nisamehe, mwanangu," mzee akasema. "Nilikuwa najua." Juma lililofuata akafariki.

Msibani Buswelu walijaa watu wa sare za kila namna. Mwenye chuo alizungumza kwa huzuni ya kweli, akasema chuo kimepoteza nguzo, na alisema sawasawa, ingawa nadhani hakujua ni nguzo ya nini. Mwili ukasafirishwa kwenda kuzikwa kwao Kagera. Baada ya gari kuondoka mpwa wangu alikuja kukaa karibu nami kwenye viti vya kukodi, akatoa kile kitabu. Nyeusi zilikuwa sita pamoja na ile ya kanula, akaniambia. Amekwisha kumfuata dada wa zamu akamwomba asimame naye kitendo kimoja kimoja, bila kujificha, na dada amekubali, na cha kwanza wameshakimaliza. "Zimebaki nne, mjomba." Nikamwambia hongera, mama, mwalimu angefurahi. Akafunga kitabu. Akaniuliza, kwa adabu zake zote, akiwa ameangalia chini:

"Na wewe mjomba, lile tangazo la redio uliliandika kwa kalamu gani?"

Msichana huyu aliondoka kwao kwa maneno yangu. Ningeweza kumwambia kwamba nililipwa kuandika na si kukagua, kwamba mlango ulikuwa umefungwa, kwamba nisingeandika mimi angetafutwa mwingine. Yote hayo nilikuwa nayo mdomoni, na yote nilikuwa nimeyasikia tayari kwa mtu tuliyetoka kumsindikiza. Tofauti ni kwamba yeye alibaki na kalamu ya pili mfukoni, na alipopata nafasi alitoa mkono wake. "Nyeusi," nikamjibu. "Chumba namba saba sikukiona."

Basi leo nasaini upya. Mzazi unayempeleka mtoto chuo kama kile, kabla hujalipa omba ufunguliwe mlango wa maabara, na uulize mtoto atasimama upande gani wa kitanda. Wakikwambia ufunguo haupo, usicheke kama nilivyocheka mimi.