Kioo cha Samaki, Kabati la Maandazi

Jamani, siku niliyoleta wale samaki wa mapambo kutoka Mwanza, kukaa kitini kulinishinda! Wadogo kama kidole cha mtoto, ubavuni mstari wa bluu unaowaka, mkia mwekundu. Tangi lao la kioo nililiweka katikati ya sebule, taa juu yake, ili Bariadi nzima ione. Kwetu mgeni haachwi peke yake. Majirani wakaja kwa zamu, wakawa wanagonga kioo na kuwasalimia Kisukuma: "Mwadila! Mwadila, wageni!"

Wageni wakajibana nyuma ya pampu ya hewa, wakagoma kutoka. Kesho yake vilevile. Chakula kikazama, kikaoza chini. Mmoja akaanza kupauka. Roho iliniuma, nikaona watakufa hata sijawafaidi.

Mke wangu, anayeuza maandazi mlangoni, akalitazama tangi kwa jicho la biashara. "Baba watoto, siku ya gulio ikifika hawajatoka, warudishe ulikowatoa. Hicho kioo ni kabati langu la maandazi. Nzi wamenichosha."

"Thubutu!"

"Utaona."

Nikalalamika: samaki gani hawa wasiojua kukaribishwa? Akacheka mpaka akashika mbavu. "Umesahau mimi nilivyoletwa hapa kutoka Bukundi? Ukoo wenu mzima ulijaa uani kunikodolea macho. Nikajificha jikoni, mkasema mmeletewa bubu."

"Sasa ulitokaje?"

"Mlienda shamba kuvuna pamba, mkaniacha."

Weee! Niliinuka hapohapo. Nikawahamishia samaki kwenye ndoo pamoja na maji yao, tangi nikalisogeza hadi kwenye kona, nikawarudisha. Pande zote nikazifunika kwa kanga kuukuu, nikabakiza upande wa mbele tu. Chungu kilichopasuka nikakichemsha, kikapoa, nikakilaza chini kiwe nyumba yao. Taa nikazima. Majirani nikawafungia mlango, nikaitwa mchoyo, sawa tu. Nikawa natupia chakula kidogo na kuondoka bila kuchungulia. Kutochungulia, ndugu yangu, ndiko kulikonitesa!

Asubuhi ya gulio nilirudi kutoka kuteka maji, nikakuta meza ya maandazi haina mtu. Nikasema moyoni: tayari ameshalimwaga tangi! Nikachungulia sebuleni. Mke wangu alikuwa amechuchumaa mbele ya kioo, mikono ina unga mpaka viwikoni. Na samaki, wote, walikuwa katikati ya maji, wanageuka kwa pamoja, ule mstari unawaka! Hata yule aliyepauka alikuwa amerudisha rangi. Nilitaka kupiga yowe, nikajiziba mdomo.

"Mama maandazi! Hodi!" mteja akaita nje.

Hakugeuka. Alikuwa akiwanong'oneza samaki: "Tokeni tu, wadogo zangu, kuleni. Wote wameenda shamba."

Nikarudi nyuma nikinyata, nikachukua jembe, nikaenda shamba kweli.