Mchoma Ndafu Asiyekanyaga Gereji

Saa tatu asubuhi, Coon Rapids, mji wa Marekani. Baridi ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na Damas Mallya anasukuma theluji kwa koleo nyuma ya nyumba ya mteja wake, apate mahali pa kusimamisha jiko. Jiko lenyewe ni nusu pipa lenye miguu ya chuma. Juu yake atalazwa mbuzi mzima.

Hatua sita kutoka alipo kuna gereji ya magari mawili, imeshikamana na nyumba, na leo haina gari hata moja. Mwenye nyumba, Mkenya aitwaye Duncan, ameshafungua mlango wake mara mbili.

"Mzee, si uingie hapa ndani? Ukiganda huko nje nitaambia watu nini?"

"Waambie aliganda, lakini alikuwa anapumua," Damas anamjibu bila kuinua kichwa.

Duncan anacheka na kurudi ndani kuwasimulia wageni. Hajui bado. Damas huwa anaeleza baadaye, watu wakianza kula.

Ana miaka hamsini na miwili. Shule aliachia kidato cha pili, Rombo. Siku za kazi huendesha basi dogo linalopeleka wazee kliniki; Jumamosi huchoma ndafu, yule mbuzi mzima wa Wachaga ambaye sherehe bila yeye huonekana haijakamilika. Mbuzi mmoja humwingizia dola mia moja na ishirini.

"Ukikata vipande, saa moja umemaliza, maana moto unaingia kila upande," anasema. "Ndafu hukati. Unamsubiri saa sita, saba. Na makaa ni hivyohivyo. Madogo yanawaka haraka yanakufa haraka, makubwa yanakwenda taratibu. Ukiyapepea yanakimbia. Haya nilikuwa nayajua tangu nina miaka minane. Nilidhani ndiyo yote ya kujua."

Ilikuwa Desemba 2006. Mpwa wake, Humphrey, alikuwa amemaliza chuo, na sherehe ilikuwa ifanyike nyumbani kwa Damas. Upepo ulikuwa unazima moto uani. Damas akaingiza jiko gerejini, akainua mlango mkubwa kiasi cha shubiri mbili, akaona inatosha.

Mkewe, Redempta, alikuwa jikoni anageuza pilau. Mlango wa kati ya jikoni na gereji aliuacha wazi ili amwangalie mbuzi. Alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa anajiandaa na mtihani wa kemia wa kuingia chuo cha uuguzi. Kitabu kilikuwa mezani, karibu na vitunguu.

Kabla ya saa saba mchana kichwa kikaanza kumgonga. Akatapika. Damas akasema afadhali azime moto.

Redempta akakataa. Akatoa kwenye mkoba kile kibanio cha kidoleni anachopimia wazee wake hewa ya damu, akajibana. Kikaandika tisini na nane kwa mia.

"Ningekuwa nimekosa hewa hiki kingesema," akamwambia mumewe. "Hii ni mafua. Nenda kalete soda, watu wanakaribia kuja."

Damas akaenda dukani, mji wa jirani wa Maple Grove. Alikaa huko saa nzima na zaidi.

Anapofika hapa katika kusimulia, huacha kukata nyama. Anatazama makaa kama mtu aliyesalitiwa na ndugu yake.

Aliporudi alimkuta mkewe amekaa kitini. Redempta akamuuliza soda ziko wapi. Akaonyeshwa. Akauliza tena. Akaonyeshwa. Mara ya tatu alipouliza, akateleza kitini kama nguo iliyoanguka kutoka kambani, akalala sakafuni.

Wahudumu wa gari la wagonjwa aliowapigia simu Damas walikuja na kifaa cha kupima gesi ya sumu kiunoni. Walipokanyaga tu mlangoni kikaanza kulia. Mmoja wao hakumgusa kwanza mgonjwa. Alimshika Damas kola, akamtupa nje kwenye theluji, kisha akarudi kumbeba Redempta.

"Hakukuwa na moshi," Damas anasema. "Hakukuwa na harufu ila ya nyama. Mpaka leo sijaamini. Nyumba inanukia sherehe, na mke wangu anakufa."

Hospitalini walikutana na Peris, muuguzi kutoka Kisii, mwanamke wa maneno machache. Damu ya Redempta ilikuwa imeshikwa na kaboni monoksidi kwa asilimia thelathini na moja. Damas akamwonyesha kibanio. Kilikuwa kimesema tisini na nane, ilikuwaje?

"Hicho kinaona tu kiti kimekaliwa," Peris akamwambia. "Hakijui ni nani amekalia."

Kisha akamchorea nyuma ya karatasi ya dawa. Damu ina viti. Oksijeni ni mgeni mstaarabu, anakaa, anainuka, anakwenda kazini. Huyu mwingine, anayetoka kwenye makaa yaliyonyimwa hewa, anang'ang'ania kiti kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Ila naye huinuka, mara mojamoja. Ukimwacha mgonjwa kwenye hewa ya kawaida, nusu ya hao wabishi watatoka baada ya saa nne au tano. Ukimpa oksijeni tupu, saa moja na kidogo. Ukimwingiza kwenye chumba cha oksijeni ya mgandamizo, haifiki nusu saa, maana kila mbishi anapoinuka, oksijeni kumi wanagombea kile kiti.

"Kwa hiyo tunawajazia ukumbi, mzee," Peris akamalizia. "Hatuna njia ya kuwavuta."

Redempta aliingizwa chumba hicho mara tatu. Alitoka akitembea mwenyewe. Lakini vitu vilikuwa vimedondoka njiani. Alisahau jina la mtaa wao. Alitia chumvi mara mbili kwenye mchicha. Alikaa miezi minne bila kazi, na alipofanya ule mtihani wa kemia, alifeli.

Kinachomchoma Damas ni sura ya kitabu iliyomshinda mkewe. Ilikuwa ile ya kasi ya mmenyuko wa kikemia na msawazo, yaani hali ya pande mbili kulingana, ndiyo hiyohiyo aliyochorewa na Peris.

Sasa ni Februari 2009. Mtihani wa marudio ni tarehe kumi na nne Machi, na chuo hakitampa nafasi ya tatu.

Kwa Duncan mbuzi ameiva. Wageni wanakula, na Damas anasimulia. Akifika kwenye ile tisini na nane, wanawake wawili, wote wa kazi za hospitali, wanaweka sahani chini. Duncan anainuka. Anatoka, anakwenda gerejini, na anarudi amebeba jiko dogo la makaa alilokuwa ameficha huko kupashia chapati. Analitua kwenye theluji. Linafuka mvuke na kuzimika.

"Pole, mzee," anasema. "Kweli sikujua."

Jioni nyumbani, Redempta yuko mezani na kadi zake za maswali. Binti yao Tulia, wa miaka kumi na sita, ndiye aliyeziandika. Damas ananawa mikono mafuta, anakaa, anashika kadi, kama afanyavyo kila siku.

Anasoma: mmenyuko ukifika kwenye msawazo, je, umesimama?

Redempta anafumba macho. Mara nyingi hii ndiyo kadi inayomtoa machozi. Damas jibu analijua kwa moyo, kuliko hata jina la askofu wake, lakini anauma midomo.

"Haujasimama," Redempta anasema polepole. "Wanaoinuka ni sawa na wanaokaa. Kwa macho unaona kimya, kumbe ndani watu wanapishana."

Damas anageuza kadi, anaitazama muda mrefu kuliko inavyohitajika, anaiweka upande wa zilizopatikana.

Tangu Desemba ile Redempta hajaonja ndafu ya mumewe. Leo anakusanya kadi zake, anazifunga kwa mpira, na anamtazama.

"Baba Tulia, nikifaulu utanichomea."

"Nje," anajibu Damas.

"Machi bado kuna theluji."

"Koleo ninalo."