Kurasa Tatu Kuhusu Mpira

Ting. Kijiti cha kioo kiliwekwa juu ya meza ya vigae. Ni miaka ishirini na miwili sasa, na fundi wa maabara bado anausikia mlio ule.

Siku hiyo mkemia, ambaye fundi humwita Dokta mbele za watu na dada wakiwa wawili, alikuwa amerudia jaribio lake bila kutia mzizi wa dawa waliokuwa wakiuchunguza. Mzizi ule ulikuwa umewapa jina. Fuwele zake nyeupe ziliua vimelea kwenye vibakuli, na barua za pongezi zilikuwa zimeanza kumiminika. Sasa, bila mzizi, fuwele zilezile zilikaa chini ya chupa, nyeupe pe. Kumbe zilitoka kwenye mrija wa mpira wa mtambo wao. Kemikali ya kuyeyushia ilikuwa ikiuramba kidogo kidogo kila ilipopita.

"Dada," fundi alisema, "mpira huo nimeukata mimi, nikaufunga hapo."

Mkemia aliinua macho, akakuta fundi akimtazama, kisha akavuta karatasi.

Aliandika na kuchapisha makala ya kurasa tatu tu: tulikosea, ulikuwa mpira, kila jaribio lifanyeni kwanza bila mmea. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu, wakambandika jina la Mama Mpira. Ufadhili ukakatika. Uprofesa ukampita mara mbili, na kila ulipompita fundi alirudi nyumbani akijilaumu, maana mkasi uliokata mpira ule ulikuwa mkononi mwake.

Mwaka huu, miezi minne kabla mkemia hajastaafu, kamati ya vyeo ilimwita kwa mara ya mwisho. Ilitaka orodha ya makala zilizonukuu kazi zake. Yeye alikuwa amezama kwenye kusahihisha mitihani, hivyo fundi akaenda kwa karani wa maktaba.

"Mama Mpira naye ana orodha?" karani alitania. "Usiende mbali, mzee wangu. Ni karatasi moja tu, utaikunja mfukoni."

Mashine ikaanza kutema karatasi. Ikatema mpaka trei ikafurika, karani akaongeza rimu, nayo ikaendelea. Makala elfu moja mia tisa na arobaini, karibu zote zikinukuu zile kurasa tatu. Karani aliacha utani, akavuta kiti. Wakazifungua moja moja kwenye kompyuta, za watu wa miji ambayo hawakujua hata kuitamka. *Tulijaribu kwanza bila mmea*, waliandika, na jina la mkemia likafuata. Kwa njia hiyo kundi moja lilikuwa limegundua sumu ya mpira ndani ya dawa ya macho ya watoto, wiki moja kabla ya tone la kwanza kudondoshwa jichoni. Fundi alisoma mstari huo mara tatu. Akavua kofia bila kujua anamvulia nani.

Kamati haikuchukua hata saa nzima. Mkemia alitoka akiwa profesa, akamkuta fundi kwenye ngazi.

"Nimekuchelewesha, dada. Miaka yote hii. Mkono wangu huu."

Profesa aliketi kando yake, akashusha sauti mpaka fundi akalazimika kuinama.

"Siku ile nilitaka kulinyamazia lile kosa, kaka. Nikakuona unanitazama."